Nyanya, bilinganya na hoho zote zimenyauka: tatizo liko wapi?

"Habari. Ninaishi Chanika, Dar es Salaam. Nyuma ya nyumba nina kieneo cha mita 4 kwa 5, udongo wake wa mchanga. Nilianza bustani ili tule mboga za aina mbalimbali bila kwenda gengeni kila siku. Mwaka wa kwanza nilivuna nyanya vizuri. Mwaka wa pili, zikiwa na maua, zilianza kunyauka ghafla, majani yakiwa bado ya kijani, na ndani ya siku nne tano mche umekufa. Nilishauriwa nibadilishe zao, nikapanda bilinganya, zikanyauka. Nikapanda hoho, nazo vilevile. Dukani waliniuzia dawa ya ukungu, nimepiga mara tatu bila mabadiliko. Namwagilia asubuhi na jioni, na samadi ya kuku nimeweka kwa wingi. Mchicha na matembele vinaendelea vizuri. Jirani anasema nina mkono mbaya, mume wangu anasema mchanga haufai mboga. Je, nihamie kwenye viroba au niache kabisa?"

Dada yangu, usiache. Katika barua yako kuna sentensi fupi uliyoiandika kama ya kupita tu, kwamba mchicha na matembele vinaendelea vizuri. Hiyo ndiyo iliyonipa sehemu kubwa ya jibu. Mchicha huo umepandwa kwa mkono uleule, uko kwenye mchanga uleule, unakunywa maji yaleyale. Mkono wako ungekuwa mbaya, usingechuma hata jani. Mchanga ungekuwa haufai mboga, matembele yasingetambaa. Kuna kitu ardhini kwako kinachochagua, na kinachagua kwa ukoo.

Nyanya, bilinganya na hoho ni ndugu wa tumbo moja. Katika ukoo huo wamo pia nyanya chungu (wengine huziita ngogwe), pilipili za kila aina, mnavu, viazi mviringo, hata tunguja zinazojiotea kando ya uzio. Kuwatambua hakuhitaji kitabu. Tazama tunda: karibu yote huvaa kikofia cha kijani pale yanaposhikana na kikonyo. Tazama na ua, utaona lina umbo la nyota. Kwa hiyo ulipong'oa nyanya ukaweka bilinganya, kwa macho yako ulibadilisha zao, lakini kwa ugonjwa ulioko ardhini ulibadilisha sahani tu, chakula ni kilekile. Aliyekushauri hakukosea, ila ushauri aliuachia njiani. Kilichotakiwa kubadilishwa ni ukoo.

Ninachokishuku ni mnyauko bakteria. Kidudu chake kinaitwa Ralstonia solanacearum, kilielezwa na mtaalamu Erwin Smith kule Marekani mwaka 1896, na mpaka leo kinasumbua wakulima wa nchi za joto duniani kote. Joto la pwani yetu kinalipenda sana. Dalili yake kubwa ni hiyo uliyoiandika mwenyewe: mche unalegea ghafla ukiwa kijani. Mnyauko fuzari, ambao huletwa na kuvu, hauendi hivyo. Huo huanza kwa majani ya chini kugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja wa mche, kisha mche huchukua wiki kadhaa kufa. Kiu nayo ina tabia yake, mche huinama saa saba mchana na kuinuka jioni. Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu mche wenye bakteria nao siku ya kwanza au ya pili huweza kuinuka usiku. Mwenye bustani anadhani ni kiu, anaongeza maji.

Kushuku hakutoshi, nataka upime mwenyewe. Hakuna gharama. Mche mwingine wa hoho ukianza kulegea, ukate asubuhi, shina la chini, karibu na ardhi, urefu wa kama kidole. Lichane kidogo uone ndani: likiwa na michirizi ya kahawia, weka alama. Kisha chukua glasi angavu, jaza maji safi, acha yatulie kabisa. Ning'iniza kipande cha shina kwa uzi au kijiti ili ncha iliyokatwa iguse maji, na usiitikise meza. Inama utazame kwa usawa wa macho huku nyuma ya glasi kukiwa na kitu cheusi. Ikiwa ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyembamba nyeupe zikishuka kutoka kwenye shina, kama tui linapodondokea kwenye maji. Nyuzi hizo ni bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, wakitoka kwenye mirija ya mmea. Nimewaonyesha akina mama wengi kipimo hiki, na kila mara glasi huzunguka meza nzima kabla hatujaendelea na mazungumzo.

Ukiona nyuzi hizo utaelewa kwa nini juhudi zako zote hazikuzaa. Bakteria hawa hukaa udongoni. Huingia kwenye mmea kupitia vijidonda vya mizizi: pale jembe lilipogusa, pale mche ulipohamishwa kutoka kitaluni, au pale minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi, ilipotoboa. Wakishaingia hupanda kwenye mirija inayopeleka maji majanini, huzaliana humo na kutoa ute mzito. Mirija inaziba. Ardhi inaweza kuwa imelowa chepechepe na mmea ukafa kwa kiu, kwa sababu maji hayana njia ya kupanda. Mche ukifa na kuoza, bakteria hurudi ardhini kwa wingi zaidi, wakamsubiri ndugu anayefuata. Huweza kusubiri miaka.

Ndiyo maana dawa ya ukungu haikufanya kitu. Dawa hiyo hupigwa juu ya majani na kazi yake ni kuzuia kuvu, na wewe shida yako si kuvu wala haiko majanini. Usiongeze raundi ya nne. Hakuna dawa ya kupiga inayoponya mche ulioshikwa na mnyauko bakteria, na atakayekuuzia moja kwa ahadi hiyo anakuuzia matumaini. Nina wasiwasi na jambo jingine pia: eneo lako ni dogo, ukipiga nyanya upepo unapeleka dawa kwenye mchicha ulio kando yake. Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzihesabu kwa mboga zote zilizopata rasharasha. Kuhusu ugonjwa wenyewe, ondoa hofu, bakteria huyu haambukizi watu.

Maji ya asubuhi na jioni nayo yamemsaidia adui. Jaribu kukumbuka: mche wa kwanza kunyauka ulikuwa wapi, na uliofuata? Mara nyingi ukichora mstari utaona unafuata maji yanakoelekea. Maji yanayotiririka kutoka shina moja hadi jingine hubeba bakteria kama daladala inavyobeba abiria. Mwagilia mara moja, asubuhi, polepole kwenye shina, maji yazame badala ya kukimbia.

Mume wako ana nusu ya ukweli kuhusu mchanga. Mchanga haushiki maji wala chakula cha mimea, ukimwagilia kinashuka chini ambako mizizi haifiki. Lakini mchanga hutibika, tena kwa mboga ni rahisi kuufanyia kazi kuliko mfinyanzi, kwa sababu haugandi na mizizi hupita. Dawa yake ni samadi iliyoiva, majira baada ya majira, na matandazo ya nyasi kavu au majani juu ya tuta ili jua lisiuchome. Neno iliyoiva nalitilia mkazo. Samadi mbichi ya kuku ni kali, huunguza mizizi michanga, na mizizi iliyoungua ni mlango wazi kwa bakteria. Irundike kivulini, changanya na majani makavu au pumba, lowesha, geuza kila wiki mbili. Ikipoa kabisa, ikageuka nyeusi na kunukia udongo wa mvua badala ya banda la kuku, imeiva. Kwa kawaida hufika hapo ndani ya miezi miwili au mitatu. Debe moja kwa kila mita mbili za tuta linatosha kwa kuanzia.

Sasa cha kufanya. Miche yote ya ukoo huu iliyobaki, hata inayoonekana mizima ikiwa katikati ya wagonjwa, ing'oe. Usiivute tu, ichimbue na mizizi pamoja na udongo unaoizunguka, itie kwenye ndoo, usiikokote juu ya tuta. Ichome, na wala usiipeleke kwenye rundo la mboji. Tunguja na mnavu pori wa kando ya uzio nao waondoke, maana huweza kumhifadhi mdudu hata wasipoonyesha ugonjwa. Jembe, koleo na ndala ulizovaa zioshe udongo wote, kisha zipitishe kwenye maji yenye klorini ya kufulia, kipimo kimoja cha klorini kwa tisa vya maji. Ukiwa unang'oa, itazame mizizi. Ukikuta ina vinundu vinundu kama shanga, una minyoo fundo pia, na hilo litabadilisha mpango wa kupanda kama nitakavyoeleza.

Kisha tunafika kwenye swali lako la viroba, na hapa nataka nikupe faida na hasara kwa uwazi.

Viroba vinafaa, lakini kwa ukoo wa nyanya tu, si kwa bustani nzima. Mchicha na matembele havina sababu ya kuhama. Kwa nyanya, mche mmoja kwa ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini, au miche miwili kwa kiroba kilichojaa vizuri, sehemu mbili za udongo na moja ya samadi iliyoiva. Weka juu ya matofali, kitako kisiguse ardhi na maji ya ardhini yasirukie juu. Swali gumu ni udongo wa kujazia. Ukichota hapohapo bustanini, umehamisha ugonjwa ukaupandisha ghorofani. Tafuta udongo wa mahali pasipowahi kulimwa nyanya wala ndugu zake. Kama huna uhakika nao, uchemshe: uloweshe kidogo, uutie kwenye pipa la bati kuukuu juu ya moto, ufunike, uzike kiazi katikati. Kiazi kikiiva, udongo umepata joto la kutosha. Uache upoe kabisa kabla ya kuchanganya samadi.

Hasara ya kiroba ni maji. Jua la Januari na Februari hapa Dar hukausha ndoo kabla ya alasiri, na nyanya iliyolishwa maji leo na kusahauliwa kesho huoza kitako, inafanya doa jeusi lililobonyea chini ya tunda. Watu huliita ugonjwa, lakini ni mmea ulioshindwa kupeleka chokaa ya kutosha kwenye tunda kwa sababu maji yalikatikakatika. Kama kuna siku hamkai nyumbani, anza na ndoo tatu tu. Tatu zilizotunzwa zitakupa nyanya za mchuzi kuliko kumi zilizokaushwa.

Njia ya pili ni kupumzisha ardhi, yaani kutopanda ukoo huu hapo kwa miaka mitatu au zaidi. Inasaidia, inapunguza idadi ya bakteria, lakini kwenye eneo la mita 4 kwa 5 siwezi kukuahidi kwamba watakwisha. Maji na miguu hupeleka udongo kila upande, kwa hiyo kupumzisha tuta moja huku hoho zikiwa tuta la pili si kupumzisha.

Unaweza kuongezea jua. Kipindi cha joto kali, lowesha tuta, litandike nailoni inayopitisha mwanga, zika kingo zote, uache wiki 4 hadi 6. Joto hupunguza vimelea vya juu na mbegu za magugu. Vilivyoko chini zaidi havifikiwi na joto hilo, basi lichukulie kama msaada.

Kuna na kubebesha: sehemu ya juu ya mche wa nyanya huunganishwa juu ya shina la bilinganya ya aina inayostahimili ugonjwa huu. Taasisi ya World Vegetable Center, ambayo ina kituo chake Arusha, imeshughulika na njia hii kwa miaka mingi, na inafanya kazi kweli. Lakini si kila bilinganya inastahimili, zako zimekuonyesha hivyo, na kubebesha miche laini kunataka mkono uliozoea na mahali penye kivuli na unyevu pa kuiuguzia. Ukipata kitalu kinachoaminika kinachouza miche iliyokwisha kubebeshwa, nunua michache ujaribu. Kuanza mwenyewe nyumbani sikushauri kwa sasa. Na dawa za kufukiza udongo, hapana. Nyuma ya nyumba yenye watoto si mahali pake.

Lengo lako lilikuwa mboga za aina mbalimbali, na hapo ndipo nakuona una nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Eneo lako linaingia matuta manne ya upana wa mita 1, na njia tatu za sentimeta 30 katikati. Upana huo unatosha kufikia katikati ya tuta bila kulikanyaga. Kila tuta lipe ukoo wake, na kila baada ya mavuno ukoo usogee tuta moja.

La kwanza mchicha, ambao kwenye joto letu unang'oa baada ya wiki tatu hadi nne. Usimwage mbegu zote siku moja. Gawa tuta vipande vinne, panda kipande kimoja kila wiki, na utakuwa na mchicha wa kung'oa muda wote. La pili lipe ukoo wa kabichi: sukuma wiki, chainizi, figili. Hawa hawapendi joto, pwani huku wakati wao mzuri ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Ukiwapanda Januari watakuwepo, lakini watakuwa wadogo, wachungu na wamejaa vidukari. La tatu ni la kunde, ambazo majani yake ni mboga na mizizi yake huongeza naitrojeni udongoni, hivyo baada ya kunde weka sukuma wiki. La nne ni matembele. Panda vipande vya shina vya urefu wa futi moja, vifundo viwili vitatu viwe ardhini, uchume vichomozo tu na kuacha shina. Pembezoni panda maboga yapande uzio, ule msusa, na kwenye kona yoyote weka vitunguu majani.

Bamia je? Bamia si ndugu wa nyanya, mnyauko huu kwa kawaida hauisumbui, na joto inalipenda. Ila minyoo fundo inaipenda bamia mno. Ndiyo maana nilikuomba utazame mizizi. Kama ulikuta vinundu, bamia isubiri, na hata kunde zipande kwa majaribio kipande kidogo kwanza. Kama mizizi ilikuwa safi, ipande leo. Mnavu najua unautamani, wengi huku tunaupenda, lakini ni wa ukoo uleule. Upe ndoo yake karibu na nyanya.

Sijaona umeandika maji yako yanatoka wapi. Kama ni kisima, visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi huongezeka kiangazi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo ukikauka, au kingo za majani zikiungua kahawia, chumvi imekuwa nyingi. Maharage, karoti na vitunguu ndivyo huumia mapema, mchicha huvumilia zaidi. Mvua za masika huisafisha ardhi, na kinga maji ya bati kwa ajili ya kitalu.

Kama glasi haikuonyesha nyuzi zozote, rudia kwa mche mwingine uliolegea karibuni. Uliokwisha kukauka hausemi tena. Ikishindikana mara mbili, basi mimi kwa mbali nimefika mwisho wangu. Nenda kwa afisa ugani wa kata yako, huduma yake ni ya serikali na ni haki yako, umwombe aje bustanini. Akitaka uthibitisho wa maabara, chimbua mche mzima ulioanza kulegea, mizizi yake na udongo kidogo, uufunge kwenye gazeti, usiuweke kwenye jua, uupeleke siku hiyohiyo. TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, wana kituo Mikocheni, na Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina wataalamu wa magonjwa ya mimea. Na kama wewe au mtoto aliwahi kuumwa kichwa, kutapika au kuwashwa macho baada ya dawa kupigwa, hilo ni la hospitali, tena uende na kopo la dawa mkononi ili daktari asome jina lake.

Ukishapima, niandikie mambo matatu: glasi imeonyesha nini, mizizi ilikuwa na vinundu au la, na miche ile ya nyanya ya mwaka wa pili uliipata wapi. Hilo la tatu linanikaa moyoni. Mwaka wa kwanza ulivuna vizuri, maana yake kuna uwezekano ugonjwa uliingia baadaye, ukiwa umeshikamana na mizizi ya miche ya kununua. Kama ndivyo, miche ya ndoo zako tatu isitoke tena pale. Sia mbegu mwenyewe kwenye kikopo chenye udongo uliochemshwa.